Tɛ́ za Akina Mama

Wenzangu wa fakulte wakipita nyuma ya kiti changu huwa wanasimama. Wanaona kioo cheusi na herufi nyeupe. Hakuna vitufe vya kubofya juu, hakuna ukurasa mweupe wenye kingo. Swali ni lile lile: "Mashini yako imeharibika?" Haijaharibika. Ninaandika memwari yangu kwa Vim, programu ya kuandikia inayofanya kazi ndani ya terminali na kuendeshwa kwa kibodi tupu, bila kipanya. Nikiulizwa kwa nini, nimezoea kujibu kwa kifupi kwamba mashini ni ya zamani. Jibu hilo ni la kweli lakini halijakamilika. Wale waliokuwepo kwenye seminari zetu mbili za mwaka huu wanajua kipande kingine, na ninaona afadhali nikiandike mwenyewe kuliko kuacha kisimuliwe kwenye vibaraza.

Mashini niliinunua ikiwa imeshatumika na watu wawili kabla yangu. Kumbukumbu yake ni gigabaiti 2, na betri inashika dakika arobaini tu umeme ukikatika, na hapa Kisangani ninyi wenyewe mnajua. Programu ya ofisi ilikuwa inachukua muda wa kuchemsha chai ndipo ifunguke. Yaya wangu, mtoto wa mama mkubwa, anatengeneza mashini za watu karibu na soko. Aliifuta yote, akaweka Linux, akaniambia: "Mdogo wangu, kwa mashini hii utaandika na kitu chepesi, ama hutaandika kabisa." Akafungua Vim, akanionyesha namna ya kutoka, akaenda kula. Namna ya kutoka, kwa wasiojua, ni kubonyeza Echap, kisha nukta mbili, q, na alama ya mshangao. Kuna watu wamezima mashini nzima kwa kukosa elimu hiyo, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Wazee wa programu hii walikuwa na shida zinazofanana na zetu. Bill Joy aliandika vi, babu wa Vim, kule Berkeley, Marekani, mwaka 1976, na alikuwa akifanya kazi kwa laini ya simu ya polepole sana. Ndiyo maana amri zake ni herufi moja moja. Terminali aliyoitumia, ADM-3A, ilikuwa na mishale iliyochorwa juu ya vitufe vya h, j, k na l, na hadi leo herufi hizo ndizo zinazokusogeza kushoto, chini, juu na kulia. Mholanzi Bram Moolenaar alitoa Vim mwaka 1991. Ukiifungua bila faili, katikati ya kioo unaona maneno yanayokuomba usaidie watoto wa Uganda. Moolenaar alikuwa amejitolea mwaka mzima, 1994, katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, akishughulika na maji na vyoo. Tangu hapo, yeyote aliyeipenda programu yake aliombwa kuchangia kituo hicho badala ya kuilipia. Alifariki mwaka 2023.

Mama yangu aliliona neno hilo kwenye kioo siku moja akiniletea sahani. "Uganda inatafuta nini ndani ya mashini yako?" Mtu wa umri wake hapa Kisangani halisikii jina hilo vile ninavyolisikia mimi, Juni 2000 majeshi mawili ya kigeni, la Uganda na la Rwanda, yalipigana siku sita ndani ya mji wetu, na yeye alikuwa na mimba yangu. Nikamweleza habari za maji, vyoo na watoto. Akasikiliza hadi mwisho, akasema: "Basi mtoto ni mtoto," akaweka sahani juu ya meza.

Nilijifunza polepole. Vim ina hali mbili kubwa. Katika hali ya kuandika, herufi ni herufi. Katika hali ya amri, kila herufi ni kitendo, na ukisahau uko wapi unaharibu. Siku ya kwanza niliandika neno "mama" nikiwa katika hali ya amri, na hakuna kitu kilichotokea kwenye kioo. Baadaye nikaelewa kwamba kitu kilitokea: herufi m ikifuatwa na a inaweka alama mahali ulipo, alama inayoitwa a, na mimi nilikuwa nimeiweka mara mbili. Ukitaka kurudi hapo kutoka popote ndani ya faili unabonyeza mkato wa juu na a. Alama hiyo itarudi chini.

Kwa mwanafunzi wa isimu amri hizi ni kitu kitamu. Herufi d ni kufuta, w ni neno. Dw ni futa neno, d3w ni futa maneno matatu, na ciw ni badilisha neno zima ulilosimama juu yake hata kama uko katikati yake. Kuna kitenzi, kuna yambwa, kuna hesabu, ila hesabu inatangulia nomino, jambo ambalo bibi yangu angeliona ni ukosefu wa adabu. Kiima hakuna, kwa sababu kila tungo ni ya kuamuru. Wakati hakuna. Ukanushi nao ni nadra. Niliutafuta kwa sababu ndiyo mada yangu, na mahali penyewe nilipopatumia ni amri :v, inayoshughulika na mistari yote ISIYO na kile ulichokitaja. Ukiandika :v/samaki/d, kila mstari usio na neno samaki unafutwa, unabaki na samaki peke yake.

Mada yangu ni tɛ́, kikanushi cha Lingala, katika maongezi ya watu wa mji wetu. Nyumbani tunasema Kiswahili, darasani Kifaransa, lakini bei inakatwa kwa Lingala. Nilirekodi kwa simu akina mama wauza samaki wa soko kuu, marafiki wa mama yangu, kisha vijana wa toleka, wale wanaobeba watu kwa baiskeli. Nilinukuu kila kauli katika mstari wake, na mwanzoni mwa mstari nikaweka msimbo wa msemaji.

Hapo ndipo kibodi, sisi tunasema klavye, inapoonyesha ilitengenezwa kwa ajili ya nani. Klavye ya AZERTY ina kitufe kizima cha é, kingine cha è, kingine cha à, ç, ù. Mfaransa hakosi kitu. Lakini Lingala ikiandikwa kamili inahitaji irabu wazi ɛ na ɔ pamoja na toni ya juu, la sivyo moto, mtu, na motó, kichwa, na mɔ́tɔ, moto wa kupikia, vyote vinakuwa kitu kimoja. Herufi hizo hazimo kwenye klavye. Tena hata ukizipata, é yenye toni ni herufi moja tayari ndani ya mashini, lakini ɛ́ haipo ikiwa moja. Inaundwa kwa vipande viwili, herufi yenyewe kisha alama ya toni inayokaa juu yake. Wengi wetu tunaandika "te" tupu na kumwachia msomaji. Katika memwari inayohusu neno hilohilo nisingeweza.

Vim inakuruhusu kutaja herufi kwa namba yake: Ctrl-V, u, kisha 0254, unapata ɔ. Inafaa kwa herufi moja, si kwa maelfu. Kuna njia fupi zaidi: Ctrl-K ikifuatwa na herufi mbili inatoa herufi ya tatu. Nikapitia orodha yake ndefu, nikaona kwamba e na nyota vinatoa ɛ. Nilifurahi, kwa sababu nyota iko karibu na vidole kwenye AZERTY. Kwa miezi miwili nilinukuu hivyo rekodi zote za akina mama isipokuwa ya mwisho. Kisha yaya akanifundisha kutengeneza njia za mkato zangu mwenyewe katika faili ya mipangilio. Nikachagua nukta mkato kuwa kianzio, maana iko peke yake chini ya kidole, na katika maongezi ya sokoni hakuna anayeihitaji. Nikanakili ɛ kutoka kwenye makala ya mwalimu na kuandika:

inoremap ;e ɛ
inoremap ;o ɔ
inoremap ;' <C-v>u0301

Mstari wa tatu unaleta alama ya toni ya juu. Nikaongeza kwamba nukta mkato mbili mfululizo zinatoa nukta mkato moja, kwa siku nitakayoihitaji. Kuanzia hapo vidole vilikimbia. Mama ya mwisho na vijana wote wa toleka walinukuliwa kwa nusu ya muda.

Siku ya kuhesabu nilifanya mambo kwa uangalifu, au hivyo nilivyofikiri. Nilitengeneza nakala ya faili, nikaandika :v/tɛ́/d, mistari isiyo na kikanushi ikaondoka, nikahesabu iliyobaki. Vijana wa toleka walikuwa na tɛ́ 148. Akina mama, ambao nilikuwa nimewarekodi kwa muda mrefu kuwapita, walikuwa na 31.

Ninyi mngefanya nini na namba kama hizo? Mimi nilitengeneza nadharia. Nilisema muuzaji hawezi kumkatalia mteja waziwazi, kwa hiyo mwanamke wa sokoni anakanusha kwa kuzunguka: kwa kicheko, kwa kunyamaza, kwa kutaja bei nyingine. Nilikuwa na mifano mizuri mitatu, na ilikuwa ya kweli, kwa sababu ukitafuta mifano mitatu ya jambo lolote sokoni utaipata. Niliwasilisha kwenye seminari. Mwalimu anayeniongoza alisema hapo panaweza kutoka sura nzima.

Mwenzetu mmoja wa kike, aliyekaa karibu na dirisha, akanyoosha mkono. "Mama yangu anauza pale. Anasema tɛ́ tangu asubuhi mpaka jioni. Anaanza na sisi nyumbani kabla hajafika sokoni." Watu wakacheka. Nilimjibu, na ninaandika jibu langu kama nilivyolisema: "Hiyo ni hisia. Mimi nina hesabu." Akakaa.

Jibu hilo lilinifuata hadi nyumbani, si kwa sababu nilijua nimekosea, bali kwa sababu ya namna alivyokaa. Usiku, umeme ulikuwepo, nikafungua rekodi ya mama mmoja wa samaki wa kukaushwa, mwenye sauti ya kukwaruza, mtu ambaye mama yangu anamheshimu na kumwogopa. Nikaweka alama a kwenye mstari wake wa kwanza, nikaanza kusikiliza na kusoma pamoja. Mteja anataja bei. Mama anasema: "Nalingí tɛ́." Mteja anaongeza kidogo. "Tɛ́." Anaongeza tena. "Nalobí tɛ́!" Mara tatu kabla mteja hajapumua.

Nikatazama kioo. Zilikuwa zimeandikwa. Niliziandika mwenyewe, na toni zake juu. Nikaambia Vim itafute tɛ́, na kila iliyopatikana ikawa na rangi ya njano. Nikashuka hadi kwa vijana wa toleka: njano, njano, njano. Nikabonyeza mkato wa juu na a, nikarudi kwa mama wa samaki: nyeupe. Neno lile lile, kwenye kioo kile kile, na mashini haikuliona.

Kuna amri ya herufi mbili, ga, inayokuambia namba ya herufi uliyosimama juu yake. Nikasimama juu ya irabu ya kijana mmoja wa toleka: 603. Nikasimama juu ya irabu ya mama: 949. Namba 603 ni ɛ, irabu wazi ya Kilatini, yetu. Namba 949 ni ε, epsiloni ya Wagiriki. Ctrl-K, e na nyota vilikuwa vimenipa Kigiriki tangu siku ya kwanza, na katika fonti ya terminali yangu hata mtu mwenye miwani asingezitofautisha. Wale mama walikuwa wamekataa kwa Kigiriki miezi miwili yote, na mimi nikasimama mbele ya watu kusema hawakatai.

Kurekebisha kulichukua amri mbili. Moja haikutosha, kwa sababu kwa Vim ε yenye alama ya toni si sawa na ε tupu, na kuzifikia zote unazitaja zote mbili: :%s/ε/ɛ/g kwa zisizo na toni, na :%s/έ/ɛ́/g kwa zenye toni. Baada ya hapo :%s/tɛ́//gn, ambayo inahesabu bila kubadilisha kitu. Akina mama walikuwa na tɛ́ 187. Nilipogawanya kwa idadi ya kauli, tofauti kati yao na vijana wa toleka ikayeyuka, na sura yangu nzima ikayeyuka nayo. Saa ilikuwa haijafika sita ya usiku. Sikulala vizuri.

Nitasema ukweli kwamba nilifikiria kunyamaza. Memwari ilikuwa haijaandikwa, hakuna aliyekuwa na faili yangu, na ningeweza kubadilisha mada polepole kama wanavyofanya watu. Kilichonizuia hakikuwa wema mkubwa. Nilikuwa ninajua kwamba yule mwenzetu wa dirishani angenitazama kila siku ya seminari mpaka mwisho wa masomo, naye ana jicho la mama yake.

Wiki iliyofuata niliomba dakika kumi. Nikaonyesha kioo cheusi kwenye ukuta, mistari miwili, nikawauliza kama wanaona tofauti. Hakuna aliyeona. Nikabonyeza ga mara mbili. Asistanti mmoja alisema ndiyo maana yeye anahesabu kwa mkono, kwa kalamu. Simpingi kabisa, kalamu isingeniletea epsiloni. Lakini kalamu nayo inachoka na kuruka mistari, na ikiruka haiachi namba 949 popote ili mtu aikute. Mwalimu anayeniongoza aliuliza swali moja tu: makala ngapi zilizoandikwa na wanafunzi wetu zina mchanganyiko huo bila mwenyewe kujua? Kisha akaniambia niliandike kosa lote kwenye sura ya mbinu, na namba zake, bila kulipamba.

Mwenzetu wa dirishani nilimwendea baada ya hapo. Nilimwomba radhi kwa lile neno "hisia". Akasema: "Mimi sikuwa na hisia. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili ya kuambiwa tɛ́." Kisha akaniomba faili yangu ya mipangilio, maana yeye anaandika kuhusu methali na anachoka kunakili ɔ moja moja kutoka kwenye makala za wengine.

Nilimpa, na tangu siku hiyo nimewapa wengine wanne. Faili hiyo sasa ina mstari mmoja zaidi ya ile ya kwanza: match Error /[α-ω]/. Kazi yake ni kupaka rangi nyekundu kila herufi ndogo ya Kigiriki kutoka α hadi ω inayoingia katika maandishi, hata moja, papo hapo. Anayetaka kuchunguza kazi zake za zamani, hata kama haandiki kwa Vim, anakili irabu zake moja moja ndani ya Vim na kubonyeza ga. Anayezitafuta bila kujali toni aongeze \Z mwishoni mwa neno analotafuta. Iliwekwa hasa kwa ajili ya maandishi ya Kiebrania na Kiarabu yenye alama za irabu, lakini inatufaa na sisi. Tahadhari: \Z haitakuambia kitu kuhusu Kigiriki.

Mwezi uliopita nilirudi sokoni. Nilihitaji dakika ishirini zaidi za mama wa samaki wa kukaushwa, na nilifikiri nilikuwa na wajibu wa kumweleza nilichokifanya na maneno yake. Nilimweleza kwa Kiswahili, kwa heshima, nikiwa nimechuchumaa mbele ya meza yake. Alisikiliza akigeuza samaki. Sijui kama habari ya epsiloni ilimwingia. Nikatoa simu, nikamwomba ruhusa ya kurekodi.

Hakuinua macho. "Lɛlɔ́ tɛ́, mwána. Lóbí."

Leo hapana, kesho. Nikarudisha simu mfukoni, na jioni nikaiandika kauli hiyo kwa kukumbuka, mstari peke yake, na msimbo wake mbele.